Kutoka hoteli hadi jiko na maktaba: shajara ya jengo la zamani, Lindi mjini

9 Juni

Leo saa mbili asubuhi tumefungua mlango mkubwa. Ufunguo uliingia lakini haukuzunguka, na komeo la ndani lilikuwa limeshikwa na kutu. Ikabidi kijana mmoja apitie dirisha la uani, aingie na mafuta ya taa na nyundo ndogo, aligonge komeo taratibu mpaka likaachia. Mlango wenyewe niliwakataza kuutia mtaimbo. Ni wa nakshi, mbao nzito, na fremu yake imechongwa pande zote tatu. Mlango wa namna hii ukipasuka leo, fundi wa kuurudishia hadhi yake hapatikani mjini hapa.

Ndani kuna popo, na harufu yao. Ukumbi wa chini una vumbi la maganda ya korosho mpaka kwenye kifundo cha mguu, maana kwa miaka mingi ulikuwa ghala. Ngazi kuu imesimama, ila vidato vitatu vimeliwa na mchwa. Ghorofani vyumba ni kumi na viwili, na juu ya milango minne bado unasoma namba zilizochorwa kwa rangi nyeusi: 3, 4, 7, 11. Nilisimama mbele ya namba 7 muda mrefu. Hii ni hoteli ambayo bibi yangu alikuwa akiipita barabarani akiwa na ndoo ya samaki kichwani, na hakuwahi kuingia hata mara moja.

Niandike mapema nyumba hii ilikuwa nini, ili asomaye asipotee. Ilijengwa kama nyumba ya mfanyabiashara: duka chini, familia juu, roshani ikitazama bahari. Ikageuzwa hoteli Lindi ilipojaa wageni wa mpango wa karanga. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza iliamua kulima karanga Tanganyika kwenye eneo la zaidi ya ekari milioni tatu, na moja ya sehemu zilizochaguliwa ilikuwa Nachingwea. Wahandisi, madereva wa matrekta na makarani walishukia Lindi, wakalala hapa, kisha wakapanda bara. Mwaka 1951 mpango ukafutwa, pauni milioni 36 zikiwa zimeteketea. Mtwara ikachukua makao makuu ya jimbo, na mwaka 1954 ikapata bandari ya kina kirefu. Wageni wa Lindi wakapungua mwaka hadi mwaka. Hoteli ikawa nyumba ya kupangisha vyumba, kisha ghala, kisha kufuli.

Warithi wa jengo wametupa sisi tunaolikarabati mkataba wa miaka 15. Sharti lao ni moja: jengo lisibomolewe wala lisibadilishwe sura ya mbele. Sharti hilo hata mimi ningelidai.

14 Juni

Siku tano za kupima. Kuta za chini zina unene wa sentimita 60, za juu 45. Ni mawe ya matumbawe, chokaa na udongo mwekundu. Dari la kati ni boriti za mikoko zilizopangwa karibu karibu, juu yake mawe madogo, juu ya mawe zege la chokaa. Ndiyo maana vyumba vyote vya nyumba hizi za pwani ni vyembamba: boriti ya mkoko haikupi zaidi ya mita tatu hivi, na chumba kinakatwa kwa kipimo cha mti.

Ukumbi wa kulia chakula peke yake ndio mpana. Pale ukuta wa kati ulitolewa. Fundi mkuu alipogonga lipu kwa tindo akakutana na chuma, akaendelea kugonga, na tukaona kitu ambacho hakuna aliyekitegemea: vipande viwili vya reli, vimelazwa kama boriti, vinabeba ukuta wote wa juu. Reli ya Nachingwea, ile ya mpango wa karanga, ilifungwa mwanzoni mwa miaka ya 1960, na vyuma vyake vilisambaa kwenye nyumba nyingi za mkoa huu. Kwa hiyo hapa kuna tengenezo la pili, la baada ya hoteli, mtu aliona dari linashuka akaliwekea reli.

Reli zimeota kutu upande wa baharini. Kutu ina tabia ya kuvimba, inachukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichoizaa, na nafasi hiyo inaitafuta ndani ya ukuta. Juu ya reli ya mashariki kuna ufa unaoingia kidole. Tumebandika vipande vitano vya kioo chembamba juu ya ufa, kila kimoja kimeandikwa tarehe. Ukuta ukisogea, kioo kinakatika. Hakuna kazi yoyote chini ya ule ukuta mpaka vioo vikae wiki sita bila kuvunjika, na mirunda kumi na miwili imesimamishwa leo hii kabla ya jua kuzama.

Mmoja wa vijana aliona nimezidisha. Nikamweleza habari ya Beit al-Ajaib, Jumba la Maajabu, kule Unguja. Ilijengwa mwaka 1883, ikasimama kwa zaidi ya miaka 130, na tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya mbele ikaporomoka wakati wa ukarabati. Watu wawili walikufa, mafundi waliokwenda kazini. Jengo la zamani likiguswa ndipo linapokuwa hatari zaidi, kwa sababu uzito uliokwisha kuzoea njia yake unalazimishwa kutafuta njia nyingine. Hakuniuliza tena.

28 Juni

Kikao cha matumizi. Kilianza saa tatu, kikaisha adhuhuri imeshaadhiniwa.

Upande wa warithi wanataka irudi kuwa hoteli, angalau ghorofani. Kikundi cha akina mama lishe kinataka jiko la zamani la uani. Walimu wawili wa sekondari waliomba chumba cha kusomea, kwa sababu watoto wao wanasomea chini ya taa za kituo cha mafuta. Kijana mmoja akataka ukumbi wote uwe wa harusi, muziki na kila kitu.

Nilisema neno langu wazi na ninaliandika hapa pia. Kila mtu alikuwa anachagua chumba kwa kutazama ukubwa wake, na mimi naona kwanza tuulize kinaweza kubeba nini. Mfano maktaba. Wote walitaka iwe juu, kwenye upepo, mbali na unyevu. Lakini rafu ya mita moja iliyojaa vitabu ni kilo 30 hivi. Panga rafu tano juu kwa juu, unapata kilo 150 kwenye kila mita ya ukuta, mchana na usiku, bila kupumzika. Zile boriti za mikoko ziliwekwa kubeba vitanda na watu. Maktaba itakaa chini, juu ya ardhi, na kazi yetu ni kuondoa unyevu. Harusi ya watu mia mbili wakicheza chini ya reli mbili zenye kutu, hapana. Ukumbi utakuwa wa mikutano na mafunzo ya ushonaji, idadi ikiwa na kikomo.

Ghorofani: vyumba sita vya wageni, sita vya kupangisha kwa ofisi ndogo. Kodi ya ofisi ndiyo itakayolipa mlinzi, umeme na chokaa ya kila mwaka. Jiko la uani ni la akina mama, na ndilo litakalofunguliwa kwanza.

Hilo la jiko kwanza lilinichosha kulitetea. Warithi walisema utaanzaje na jiko wakati sura ya mbele inadondoka lipu? Bi Mkubwa wa kikundi akajibu kabla yangu: "Wanangu, nyumba isiyofuka moshi hata mwizi haiogopi." Popo, mchwa, mabomba yanayovuja, yote haya yalistawi kwa sababu hakuna mtu aliyekuwa anaingia humu kila siku asubuhi. Watu kumi wakipika uani tangu alfajiri, tone la maji halitaanguka siku mbili bila mtu kusema.

5 Julai

Tumekwenda Mikindani, watu watano na gari la kuazima, kutazama Boma. Ni mwendo wa kilomita mia moja hivi, na tulirudi usiku.

Wajerumani walilijenga mwaka 1895 kama ngome na ofisi. Waingereza wakalitumia, polisi wakalitumia, kisha likaachwa. Mwishoni mwa miaka ya 1990 shirika la Trade Aid la Uingereza likaanza kulikarabati pamoja na mafundi wa Mikindani, likawa hoteli na mahali pa kufundishia vijana kazi za hoteli. Safari yake ni kinyume cha yetu: ngome imekuwa hoteli, hoteli yetu inakuwa kitu kingine. Lakini nilichokifuata pale ni kuta. Niliweka kiganja kwenye ukuta wa chokaa, upande wa jua, saa nane mchana, ulikuwa baridi na mkavu. Fundi wetu mkuu alilamba kidole alichopangusia ukutani, akasema, "Hakuna chumvi." Hilo tu lilitosha kulipa safari.

Njiani kurudi tulizungumza sana juu ya majengo mengine. Boma la zamani la Dar es Salaam lilijengwa miaka ya 1866 na 1867 kwa ajili ya wageni wa Sultani Majid, na leo ni kituo cha urithi wa majengo. Na ng'ambo ya Ruvuma, mbali kusini, kuna Grande Hotel ya Beira, Msumbiji, hoteli ya kifahari ya miaka ya 1950 iliyofungwa kabla haijatimiza miaka ishirini. Leo maelfu ya watu wanaishi humo bila umeme wala maji ya bomba, na mbao na vyuma vimeng'olewa kipande kwa kipande. Siwalaumu wanaoishi pale, mtu hulala palipo na paa. Ninalolifikiria ni kwamba watu wale walihitaji jengo lile tangu zamani, na hakuna aliyekaa nao chini wakapanga nani atumie nini na nani atengeneze nini.

16 Julai

Kazi ya kubandua saruji. Miaka fulani mtu mwenye nia njema alipaka kuta zote za chini saruji, akidhani anaziimarisha. Saruji ni ngumu kuliko tumbawe na haipitishi mvuke. Maji yakipanda kutoka ardhini na chumvi yake hayapati pa kutokea, yanakaa nyuma ya lipu, chumvi inaganda kuwa chembe, chembe zinasukuma, na siku moja bamba zima linaanguka na uso wa jiwe. Tulipolibandua upande wa magharibi, mawe nyuma yalikuwa kama sukari iliyolowa, unayachota kwa kijiko.

Chokaa yetu inatoka kwenye mawe ya matumbawe ya nchi kavu. Matumbawe ya baharini hatuyagusi, samaki wana nyumba zao humo. Jiwe linachomwa kwenye moto wa karibu nyuzi 900, linatoa hewa yake, linabaki jepesi. Likitiwa maji linachemka lenyewe na kupasuka. Tumechimba mashimo mawili uani, chokaa inalala humo chini ya maji, na kadiri inavyolala ndivyo inavyolainika. Ya shimo la kwanza haitaguswa kabla ya wiki mbili.

Leo saidia fundi mmoja alirushiwa tone la chokaa jichoni. Tulimwosha kwa maji safi mfululizo kwa dakika ishirini na zaidi, kisha hospitali. Anaona vizuri, na kuanzia kesho hakuna anayekaribia shimo bila miwani.

2 Agosti

Lipu ya kwanza imepasuka. Nilikosea mimi. Tulipaka ukuta wa mashariki asubuhi ya kusi kali, tukaenda kula, na upepo ukaunyonya maji kabla chokaa haijashika. Saa kumi ukuta mzima ulikuwa na nyufa kama matope ya bwawa lililokauka. Tumeubandua wote. Sasa utaratibu ni huu: mchanga wa mto, si wa pwani, maana wa pwani unaleta chumvi tunayoikimbia. Sehemu moja ya chokaa kwa tatu za mchanga. Tabaka lisizidi sentimita moja. Magunia ya katani yaliyolowa yanatundikwa mbele ya ukuta siku saba, yanamwagiwa asubuhi, mchana na jioni.

Jambo la pili linanikosesha usingizi. Ukuta wa kaskazini wa chumba cha maktaba haukauki. Kuta nyingine zote zimeanza kubadilika rangi tangu tulipotoa saruji, huu uko vile vile, na tuko kiangazi, mvua ya mwisho ilinyesha Mei. Tumechimba msingi upande wa nje, ardhi kavu. Tumechimba upande wa uani, ardhi imelowa. Bomba la maji la mji halipiti upande huo. Fundi bomba amekagua mara mbili.

Hakuna vitabu vitakavyoingia kwenye chumba kile katika hali hii.

11 Agosti

Leo amekuja Mzee. Anakaa Mikumbi, na mjukuu wake ndiye anayetuletea mchanga. Kijana alituambia babu yake alifanya kazi hotelini enzi za ujana, tukamwomba amlete kwa bajaji.

Nilimwamkia, akaitika marahaba, akasimama mlangoni akiwa ameshika fremu kwa mkono wa kulia. Alikaa hapo kidogo. Kisha akazunguka kwenda mlango wa uani. Nikamfuata, nikamwambia babu, pita tu mbele, nyumba yenu hii. Akasema, "Nakwenda kule ninakokujua, mjukuu wangu. Mbele sikujui." Basi tukaingia naye kwa uani.

Aliingia kazini akiwa na miaka kumi na mitano, kazi yake kupiga pasi mashuka na kuteka maji. Alikumbuka kimbunga cha Aprili 1952, wakati huo alikuwa mtoto wa chuo cha Kurani. Anasema paa la upande wa baharini liliondoka lote usiku mmoja na mabati yakaokotwa Mtanda. Sasa ninaelewa kwa nini kenchi za upande ule ni za mbao tofauti na zimekatwa kwa msumeno tofauti. Tulikuwa tumeziandika kwenye michoro kama fumbo.

Nikamuuliza maji aliyateka wapi, kisima kiko wapi. Akanitazama kama mtu aliyeulizwa jina lake. "Kisima cha nini? Birika lipo hapo ulipokanyaga."

Nilikuwa nimesimama katikati ya ua, juu ya sakafu ya saruji. Akapima kwa miguu kutoka kwenye nguzo ya jiko, hatua saba, akagusa chini kwa bakora. Fundi akagonga kwa nyundo. Sauti ikarudi kubwa, ya pango.

12 Agosti

Tumekata saruji. Chini yake kulikuwa na mfuniko wa jiwe wenye pete mbili za chuma, na chini ya mfuniko birika: mita 4 kwa 2.5, kina cha mita 2.2, kuta zimepakwa chokaa iliyochanganywa na vumbi la matofali, na humo ndani maji meusi kufika kiunoni.

Nimekokotoa mara tatu. Birika likijaa linachukua lita 22,000. Na nimepata jibu la ukuta. Bomba la gata ya paa lote la kaskazini linaingia ardhini pale kona, na linakwenda birikani mpaka leo. Mji ulipopata maji ya bomba, mtu alilisahau birika, akalifunika, akasakafia ua. Lakini paa halikusahau. Kila masika limekuwa likilijaza. Mlango wa maji ya ziada ulioelekea mtaroni umezibwa na ile ile sakafu, kwa hiyo birika likijaa, maji yanatafuta njia kupitia ufa wa juu upande wa kusini, na upande wa kusini ndipo ulipo msingi wa maktaba yetu. Miaka mingi ukuta ule umekuwa ukinywa kutoka hapo.

Hakuna aliyeshuka. Shimo lililofungwa muda mrefu lina hewa inayoua bila harufu. Mfuniko umeachwa wazi siku tatu, uzio umewekwa, mlinzi amekaa. Tutavuta maji kwa pampu kutoka juu, kisha tutashusha taa ya utambi kwa kamba. Ikizimika, hatushuki.

23 Agosti

Taa haikuzimika. Watu wawili wameshuka, kila mmoja na kamba kiunoni na watu wawili juu wa kumvuta. Wametoa tope ndoo 140, chupa nzima za soda za zamani, kijiko cha fedha chenye herufi ambazo hazisomeki, na ndoo ya bati isiyo na kitako. Mzee aliomba ndoo. Tumempa.

Ufa tumeuziba kwa chokaa na vumbi la matofali, mchanganyiko ule ule, kwa sababu unashika hata mahali penye maji. Mlango wa maji ya ziada umefunguliwa mpaka mtaroni. Kijiko kitakaa kwenye kabati la maktaba.

20 Septemba

Vioo vitano juu ya ufa, wiki kumi na nne, vyote vizima. Mhandisi amekuja, amekagua, ameridhia tutoe reli moja moja. Reli ya mashariki imetolewa jana, ikawekwa boriti mbili za mkongo zilizofungwa pamoja kwa bolti. Ya magharibi inabaki, imesuguliwa na kupakwa rangi ya kuzuia kutu, na ukutani tumeacha dirisha dogo lisilo na lipu ili mtu aione.

Boriti za mikoko zilizooza ni 31. Mikoko haikatwi bila kibali cha misitu, na sikutaka hata kukiomba. Mkoko uliobaki ng'ambo ya Kitunda unafanya kazi kubwa zaidi ukiwa umesimama. Tumenunua mbao za misitu ya vijiji, zenye hati na alama ya nyundo ya maafisa misitu, bei juu kuliko za njia ya panya ambazo muuzaji mmoja alituletea usiku. Kibali kingine, cha ofisi moja nisiyoitaja, kimechukua wiki saba kwa karatasi ya ukurasa mmoja. Tumepoteza wiki saba za kiangazi ambazo hazirudi.

Oktoba

Minada ya korosho imeanza. Nusu ya vibarua wako mashambani, na ni haki yao, msimu haungoji mtu. Tuko watu sita. Tunapaka chokaa ghorofani polepole.

8 Novemba

Mtu alikuja na gari zuri kuuliza bei ya mlango. Akataja pesa ambayo ingelipa vyumba vyote vya juu. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda milango ya nakshi iliyochongwa kabla ya 1940, na nilimwambia hivyo. Lakini hata sheria isingekuwepo, jibu langu lingekuwa lile lile. Nimeona Lindi na Mikindani nyumba nyingi zenye tundu la mstatili mbele lililozibwa kwa bati, na ukiuliza unaambiwa mlango uliuzwa. Baada ya mlango yanafuata madirisha, kisha boriti. Mlango wetu umepakwa mafuta leo, komeo limelainishwa, na ufunguo mpya wa kuchonga unazunguka.

15 Novemba

Jiko limefunguliwa. Majiko banifu manne mahali palipokuwa na tanuri la hoteli, dohani la zamani limezibuliwa na linavuta vizuri, moshi wote unapanda. Bi Mkubwa alifika saa kumi na moja alfajiri na mbuzi yake ya kukunia nazi kutoka nyumbani, hakutaka mpya. Wamepika wali wa nazi, pweza, na sufuria nzima ya ming'oko, mizizi ya porini, iliyoisha kabla ya saa nne.

Mzee alialikwa. Alipofika mlango mkubwa ulikuwa wazi na watu wanaingia na kutoka, watoto wa shule, wauza samaki, mwanamke mwenye ndoo kichwani. Alisimama. Nilikuwa mbali, upande wa ngazi, sikumwita. Akavua makubazi yake, akayashika mkononi, akapita mbele.

Nilitaka kumwambia vaa tu babu, sakafu ina mchanga. Nikanyamaza.

29 Novemba

Ukuta wa kaskazini wa maktaba umekauka. Nimeuwekea kiganja, nimeuwekea shavu. Rafu zinaingia Jumatatu, zimeachwa sentimita tano kutoka ukutani ili hewa ipite. Vitabu mpaka leo ni maboksi kumi na moja, vingi vya kiada, vichache vya hadithi. Walimu wamepanga zamu ya jioni.

6 Desemba

Mawingu tangu asubuhi. Tumegeuza bomba la gata litoe maji nje, maana mvua ya kwanza inaosha kinyesi cha popo na vumbi la miezi sita juu ya mabati, hayo hayaingii birikani. Saa tisa ilinyesha dakika arobaini. Maji ya kwanza yalikuwa ya rangi ya chai, kisha yakaanza kusafika. Baada ya hapo tukaligeuza bomba kuelekea birikani.

Maji haya ni ya kuoshea vyombo, vyoo, sakafu na kulowesha chokaa. Ya kunywa na kupikia ni ya bomba la mji, na yanachemshwa.

13 Desemba

Imenyesha usiku kucha. Paa linalomwaga birikani ni mita za mraba 180, na kila milimita ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja, kwa hiyo sikulala, nilikuwa ninahesabu kwa sauti ya mabati ya nyumbani kwangu. Saa kumi na mbili nilikuwa uani. Akina mama walishafika na moto umewaka. Ndani ya maktaba nilikagua kona zote kwa tochi: kavu. Vioo vipya vitatu kwenye ufa wa ngazi: vizima. Chumba namba 7 kinavuja karibu na dirisha, tone moja moja, na mpishi mmoja alikuwa ameshaweka beseni na kuniandikia kwa mkaa ukutani mahali linapoanzia.

Mzee alituachia kamba yake ya kupimia, ya katani, ina fundo kila dhiraa. Tulifunua mfuniko, mjukuu wake akaishusha mpaka ikagusa chini, akaivuta juu. Imelowa mpaka fundo la pili.